Waya wa Shemeji, Waya Wangu: Hesabu ya Kurudi Nyuma kutoka Pweto

Shemeji wangu hupeleka samaki wakavu Lubumbashi, zaidi ya kilomita 400 za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na kila safari hurudi na kitu kimoja cha busara na kimoja cha aibu. Safari iliyopita cha busara kilikuwa turubai. Cha aibu kilikuwa waya wa bafle, yaani spika kwa wasiotoka Kongo. Mita tatu tu, umelazwa ndani ya boksi lenye kidirisha kama keki ya harusi, ncha zake zinang'aa, ubavuni umechorwa mishale. Bei yake hataki itajwe mbele ya dada yangu. Mimi ni mtu wa amani, kwa hiyo bei huwa naiuliza dada akiwepo tu.

Muziki wangu mimi ni huu: ampli ya Kijapani iliyokwisha kuzeeka kabla sijainunua, bafle mbili za mbao, betri ya lori, paneli moja ya jua juu ya bati, na simu iliyojaa rumba. Nyaya zote nimezitengeneza mwenyewe kwenye meza iliyo chini ya mwembe, kuku wakipita katikati ya miguu.

Na Pweto si mahali pa kupiga muziki mbovu ukasalimika. Mji umekaa pale pale ziwa Mweru linapojimwaga na kuwa mto Luvua, na jioni upepo ukilala, sauti hutembea juu ya maji mpaka kwa wavuvi. Ukipiga rumba isiyo na besi usiku, asubuhi watakuuliza sokoni kama nyumbani kuna mgonjwa.

Basi tukakubaliana tuhesabu mambo yanayodaiwa kubadilisha sauti ndani ya waya, kuanzia upuuzi hadi jambo lenyewe. Hesabu ya shemeji inaanza na bei na inaishia hapo hapo. Hii hapa ni yangu. Utani wa mashemeji hauna faini.

10. Meno ya dhahabu

Fishi za waya wake, yaani plagi, zimepakwa dhahabu, naye huzionyesha kama bwana harusi wa zamani anayecheka bila sababu ili jino lionekane. Nisimwonee: dhahabu haishiki kutu, na huku ziwani unyevu hula hata misumari ya viti. Ila katika kupitisha umeme, dhahabu iko nyuma ya shaba. Sifa yake ni usafi tu. Tena ile rangi ni nyembamba mno; chomeka, chomoa, chomeka, chomoa, na Pasaka haifiki kabla hujaona chuma cha chini kikichungulia. Kitambaa kikavu na tone la spiriti kila baada ya miezi miwili vinafanya kazi ile ile.

"Kwa hiyo dhahabu yangu haina kazi?"

"Ina kazi sana, shemeji. Iuze, tununue spiriti."

9. Mishale

Waya una mishale ya kuielekeza sauti njia ya kwenda. Sasa, sauti ndani ya waya ni mkondo unaokwenda na kurudi: noti ya besi ya hezi 50 inakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Nikamwuliza, inaporudi kinyume cha mshale, nani anaiandikia faini? Akafikiri kidogo. "Njo vile," akasema, "labda usiku inapita tu."

Mshale una maana mahali pamoja tu, kwenye waya wa mawimbi madogo ambao ngozi yake ya kinga imeungwa upande mmoja. Wa bafle hauna ngozi ya namna hiyo. Tuendelee.

8. Mavazi

Waya wake umevaa soksi nyeusi iliyofumwa. Wangu umevaa kamba ya nailoni ya samawati, iliyofumwa na kijana anayeshona nyavu za samaki, kwa malipo ya nyimbo kumi kwenye simu yake. Kwa sikio, soksi na nailoni ni ndugu wa tumbo moja.

Kusokota ndiyo habari nyingine. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, kelele inayotoka nje huzigusa zote mbili sawasawa, na zikifika mwisho wa safari kelele ya huyu hufuta ya yule. Ndiyo maana nyaya za simu na za kompyuta husokotwa jozi jozi. Mfumaji wangu hakuhitaji maelezo. Aliniambia kamba isiyosokotwa hata samaki anaidharau.

7. Fedha, ile ya kuchimbwa

Hapa nampa shemeji heshima kidogo, kwa sababu fedha ni mali ya nyumbani. Ndani ya teritwari yetu hii ya Pweto, upande wa Kilwa, kuna Dikulushi, mgodi uliofunguliwa 2002, ambao mawe yake yalitoa shaba na fedha pamoja. Na ni kweli fedha ndiyo inayopitisha umeme kuliko metali zote. Inaishinda shaba kwa kiasi cha asilimia 6. Maana yake, ukichukua waya wa shaba ulionenepa kwa asilimia 6, mmelingana, na chenji inakutosha mbuzi.

Mtindo huu wa kuabudu waya una umri mdogo kuliko mimi. Hadi miaka ya 1970 watu wa Marekani waliunga bafle zao kwa waya wa taa ya mezani, wakasikiliza, wakalala. Mwaka 1979 Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster Cable, akawauzia waya mnene wenye jina la kutisha, na mlango ukafunguka. Kufikia 2007 kulikuwa na nyaya za bafle zilizouzwa zaidi ya dola 7,000 kwa jozi isiyofika mita nne. James Randi, yule mfanya mazingaombwe aliyejitolea maisha yake kuwaumbua waongo, akasema: mtu yeyote atakayezitambua nyaya hizo kwa masikio tu, bila kuziona, nitampa dola milioni moja. Milioni haikutoka.

Nilimweleza shemeji habari hiyo. Alichouliza ni kama ofa bado ipo.

6. Umbo la fishi, na mwimbaji aliyetoweka

Zile fishi nyekundu na nyeupe zinaitwa RCA kwa sababu zilitoka Radio Corporation of America miaka ya 1930, kwa ajili ya kuunga gramafoni na redio. Nyekundu ni kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Jaki, ile ndefu yenye ncha, ni mkongwe zaidi: ilizaliwa karne ya 19 kwenye mbao za simu, ambako watu walikaa wakichomeka na kuchomoa ili bwana huyu azungumze na bibi yule. Kila unapochomeka simu yako kwenye ampli, unafanya kazi ile ile bila mshahara.

Umbo halibadilishi sauti. Kinachobadilisha ni kujua nani anakaa wapi. Kwenye jaki ya stereo ya simu, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Ukikosea ncha na pete, gitaa la kulia litahamia kushoto, na hakuna atakayeandamana. Ukiipoteza ardhi, ndipo maajabu huanza.

Kwaya moja iliniletea ampli yake usiku wa kuamkia sikukuu. Malalamiko yalikuwa kwamba kila wimbo, kinanda kinasikika, ngoma inasikika, waitikiaji wanasikika, lakini mwimbaji kiongozi amepotea. Mzee mmoja alikuwa ameanza kuulizia maisha ya kiroho ya mwimbaji huyo. Nikafungua jaki: waya wa ardhi umekatika. Ardhi ikikatika, bafle hubaki na tofauti tu ya kushoto na kulia, na sauti ya kiongozi, ambayo katika studio huwekwa katikati, iko sawa pande zote mbili. Sawa ukitoa sawa, unabaki na sifuri. Nililehemu uzi mmoja mwembamba, na dhambi za mtu zikasamehewa.

Rekodi za zamani za mono hazikupi hata kinanda. Ardhi ikikatika, zinanyamaza karibu kabisa.

5. Mbu

Kuna mbu wa aina tatu ndani ya bafle, na shemeji huwapiga wote kwa dawa moja: kununua waya mwingine.

Wa kwanza analia "mmm" nene. Huyo ni umeme wa gridi, wa hezi 50, anayeingia kupitia waya mwembamba usio na ngozi. Lubumbashi wanamjua vizuri, kila siku umeme wa SNEL, shirika la taifa, unapokuwepo. Dawa ni waya wenye ngozi ya kinga kwa ajili ya mawimbi madogo, ule wa maikrofoni, wenye nyuzi za shaba zilizofumwa kuzunguka kiini. Usidanganywe na mkia wa antena ya dishi: mara nyingi kiini chake ni chuma kilichopakwa shaba, na ngozi yake ni alumini, ambayo risasi ya kulehemu inateleza juu yake kama maji juu ya jani la yugwa.

Wa pili analia "tiri-tiri-tiri" kabla simu haijaita. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hutuma mawimbi yake kwa vipande, 217 kila sekunde, na ampli inavisikia kama ngoma. Dawa haina gharama. Sogeza simu mbali.

Wa tatu ndiye mwenyewe wa huku kwetu. Simu inapiga muziki huku inachajiwa kutoka betri ile ile inayolisha ampli, na bafle zinapiga mluzi na kukwaruza kama panya kwenye karatasi. Hapo sauti na chaja wanatumia ardhi moja, kwa hiyo mkondo wa chaja unapita ndani ya waya wako wa sauti, mchana kweupe. Waya wa dola mia utapiga mluzi huo huo, kwa lafudhi nzuri zaidi. Chomoa chaja. Au uipe simu betri yake ya mfukoni, isiyoshiriki sahani na mtu. Nilipomwonyesha shemeji, mluzi ukakatika papo hapo, naye akanitazama kama niliyemwibia ugomvi.

4. Jumla na kutoa

Bafle ina mlango mwekundu, wa jumla (+), na mlango mweusi, wa kutoa (−). Ukiunga bafle moja sawa na nyingine kichwa chini, zote mbili zitalia kwa nguvu, lakini wakati hii inasukuma hewa, ile inaivuta. Besi inakufa katikati ya chumba. Nilikaribishwa harusi ambayo rumba ilikuwa imegeuka kuwa bia iliyolala: ipo, ina rangi, haina kitu. Bibi harusi akacheza kwa imani. Nilizunguka nyuma ya bafle moja nikageuza nyaya mbili, kazi ya nusu dakika, na wazee wakainuka kwenye viti.

Nyaya za kujitengenezea hupata ugonjwa huu kirahisi, maana uzi wa kushoto na wa kulia huwa na rangi moja. Chukua pile ya tochi ya volti 1.5. Gusa kidogo tu, jumla kwenye mlango mwekundu, kutoa kwenye mweusi. Koni ikiruka mbele kukusalimia, umepatia. Ikirudi ndani kwa haya, mtu alikosea, na kama bafle uliitengeneza wewe, mtu huyo tunamjua. Kisha funga fundo la uzi mwekundu kwenye upande wa jumla wa kila waya. Shemeji anasema waya wake hauhitaji fundo kwa sababu una mishale. Angalia namba 9.

3. Unene

Sasa tumeacha utani. Kidogo.

Shaba, pamoja na wema wake wote, huzuia umeme kiasi, na waya ukiwa mrefu na mwembamba, uzuiaji huo hujumlishwa. Tuseme bafle iko mita 5 kutoka kwenye ampli. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10. Waya wa milimita ya mraba 0.5, ule wa redio ndogo, unazuia kiasi cha omu 0.34. Wa 1.5 unazuia 0.11. Wa 2.5 unazuia 0.07. Mafundi wengi wanataka uzuiaji wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa bafle, kwa hiyo bafle ya omu 8 inavumilia hadi 0.4, ya omu 4 inavumilia 0.2. Waya wa 1.5, wa shaba, unaishi na wote wawili bila ugomvi. Hapo ndipo sayansi ya waya wa bafle inapoishia nyumbani, na boksi la shemeji halijafunguliwa.

Usipopata waya mnene, fanya mayele, yaani ujanja. Waya wa mtandao wa kompyuta una nyuzi nane. Funga nne pamoja kwa jumla, nne kwa kutoa, unapata takriban 0.8 kila upande. Nimelisha bafle zangu hivyo kwa mwaka mzima, na mtu pekee aliyelalamika alikuwa jogoo.

Ila watu wa huku hukosea kwa kuutazama waya wa sauti na kuusahau waya wa betri. Hapo ndipo besi zetu nyingi huzikwa. Ampli ya volti 12 ikila ampea 10 kupitia waya wa 1.5 ulio umbali wa mita hizo hizo 5, inapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Betri inatoa 12, ampli inapokea kasoro, ngoma ikigonga inakohoa, na mwenye nyumba analaumu bafle. Weka waya wa 6, hasara inashuka hadi kama volti 0.3. Au isogeze betri karibu, jambo ambalo halina bei kabisa, na kwa sababu hiyo shemeji hajawahi kulifikiria.

Na fyuzi. Iweke karibu na betri, kwenye waya wa jumla. Betri ya lori ikipewa nafasi ya kugusana na yenyewe haitoi onyo. Inatoa moto. Nimetania kila kitu hapa, hiki sikitanii.

2. Shaba, kama ni shaba

Hesabu zote za namba 3 zina sharti moja: waya uwe shaba. Na huu ndio uchungu wangu, kwa sababu tunaongea tukiwa Katanga.

Watu wa nchi hii waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya reli, wakaimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa mali ya kubadilishana. Karne ya 19 Wayeke wa mfalme Msiri, waliotoka upande wa Usumbwa katika Tanzania ya leo, waliketi Bunkeya wakiivuta shaba kuwa nyuzi nyembamba za kufumia bangili. Yaani waya wa shaba wa kujitengenezea ulikuwepo Katanga kabla ya gramafoni kuwepo popote. Bunkeya hiyo hiyo ikamzaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930, yule mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Mababu walivuta nyuzi, kijana akazipiga. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa 1906, Lubumbashi ikaanza kutoa shaba yake 1911, Gécamines ya serikali ikairithi kazi 1967, na leo Kongo inahesabiwa ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile.

Kisha unakwenda dukani kununua waya, unaurudisha nyumbani Pweto, unaukwaruza kwa kisu, na ndani ni nyeupe. Alumini. Imepakwa shaba nje kama keki ya jana iliyopakwa krimu leo. Shaba yetu imevuka bahari, na kilichorudi ni rangi yake.

Alumini si sumu, na waya wa namna hiyo utalia. Lakini unabeba kama theluthi mbili ya kile ambacho shaba ingebeba. Waya ulioandikwa 2.5 unafanya kazi ya 1.6. Unavunjika ukiukunja mara chache. Na kwenye unyevu wa ziwa, pale shaba na alumini zinapogusana huliwa taratibu, unga mweupe unaota, na siku moja bafle ya kushoto inaaga bila barua.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uupime. Mimi nina vipimo vinne, na vyote vinaingia mfukoni.

Kisu: kwaruza uzi mmoja. Ukiona nyekundu hadi ndani, karibu. Ukiona nyeupe, rudisha.

Kiberiti cha gesi: choma uzi mmoja mwembamba. Shaba itakuwa nyekundu kisha nyeusi, na itabaki uzi. Alumini italegea na kukatika, maana inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, wakati shaba inangoja mpaka ipite 1,080.

Sumaku: toa ile iliyo mgongoni mwa bafle iliyokufa. Shaba haishiki, alumini haishiki, ila chuma kilichopakwa shaba kitaruka kuifuata. Sumaku kuukuu zina historia nzuri nchini mwetu. Kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono N°1 walitengeneza maikrofoni za likembe, vinanda vyao vya vidole, kwa sumaku za magari mabovu, na albamu yao ya Congotronics ya 2004 ikafika hadi kwa watu wanaonunua nyaya zenye mishale.

Mkono: pima uzito. Uzi mmoja wa 2.5 wenye urefu wa mita 100 una zaidi ya kilo 2 za shaba. Wa uongo haufiki nusu yake. Mama muuza samaki anajua kilo kwa kiganja, mwombe akusaidie.

Jambo la mwisho kuhusu shaba. Ukiletewa mita nyingi za waya mnene, safi, kwa bei ya huruma, na anayeuza anatazama nyuma yake, huo waya jana ulikuwa unawasha taa za watu. Usiununue. Utakuwa umejizimia mwenyewe.

1. Kiungo

Namba moja haiko kwenye waya. Iko pale waya unapoishia.

Redio kumi zikiletwa mezani kwangu kwa ugonjwa wa "inakata-kata", karibu zote nakuta kiungo kilicholegea, kilichooza, au kilicholehemiwa na mtu mwenye haraka. Aliyenifundisha kulehemu alijifunza kambini Mwange, Zambia, alikokimbilia vita ilipoufikia mji huu Desemba 2000. Alirudi na chuma cha kulehemu, maneno mengi ya Kibemba na kanuni moja: pasha moto shaba, usipashe risasi. Shaba ikishapata joto, risasi inayeyuka yenyewe na kuingia kati ya nyuzi kama mchuzi wa sombe ndani ya bukari, ugali wetu. Ukiidondosha risasi juu ya shaba baridi, unapata donge la kijivu linaloshikilia kwa adabu tu.

Risasi yenyewe ni bati zaidi kuliko risasi: ile ya kawaida ya 60 kwa 40 ni bati asilimia 60, na inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 183. Bati pia ni jirani yetu. Luvua huu unaoanzia hapa ndio uliowekewa bwawa la Piana Mwanga, miaka ya 1930, ili kuupa umeme mgodi wa bati wa Manono. Mto wetu umewahi kuwasha bati. Hapa kwangu chuma cha kulehemu kinategemea jua.

Tumia ile yenye utomvu ndani. Asidi ya wachomelea mabati itakula kiungo chako ukiwa umelala. Uzi wa hedifoni kuukuu, ule wenye rangi nyekundu na kijani, umepakwa vanishi. Uchome kidogo kwanza na uukwaruze, la sivyo utalehemu vanishi usiku kucha. Na ncha inayobanwa kwa skrubu usiilehemu: risasi ni laini, hulegea chini ya skrubu polepole, na baada ya wiki kiungo kinacheza kuliko wageni. Sokota shaba tupu, ibane, rudi kesho, ibane tena.

Na hilo ndilo nililomfanyia shemeji Jumamosi. Alikuwa amekuja kulalamika kwamba bafle yake ya kulia inakata, na kwamba sasa, shemeji, tufungue lile boksi. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu moja nyuma ya ampli yake. Robo mzunguko. Rumba ikajaa nyumba, dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, na boksi likarudi juu ya kabati likiwa na kidirisha chake.

Nimelibeba mara moja, alipokuwa akinawa. Ni jepesi. Kisu ninacho, sumaku ninayo, na keshokutwa lori la samaki linaondoka kwenda Lubumbashi, shemeji akiwa juu yake.